Bendi za wazee zisifungiwe mlango wa uwanja

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu bendi kongwe kutumbuiza kwenye michezo mikubwa. Wapo wanaosema wazee wameishiwa pumzi, wawaachie vijana jukwaa. Sikubaliani nao. Mick Jagger, mwimbaji wa bendi ya Rolling Stones, alikuwa na miaka 62 walipopiga mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, mwaka 2006, na Paul McCartney wa Beatles alikuwa na 70 alipofunga sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki ya London mwaka 2012. Uwanja hukusanya babu, mama na mjukuu, na nyimbo wanazozijua wote watatu ni chache. Nyingi ni za zamani. Halafu bendi hupiga vyombo. Wasanii wetu wengi wa leo huimba juu ya CD, wakichoka sauti inaendelea yenyewe! Hapo nani kaishiwa pumzi?

Fainali za AFCON 2027 zinakuja kwetu Tanzania, Kenya na Uganda. Nashauri kamati ya maandalizi iipe nafasi Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Hapa Tabora, mji uliozaa Tabora Jazz, wanamuziki wa dansi waliobaki waalikwe Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Ila wapige kabla ya mechi, maana dakika 15 za mapumziko hazitoshi hata kufunga vyombo. Na walipwe kabla ya kupanda jukwaani.

Msomaji wako,
Tabora