Maneno ya kujifunza kabla hujaja

Gombak, Malaysia

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mie mzima, na nawaombea nyote afya hapo Unguja. Mama kanambia umepata nafasi ya kuja kusoma huku, nami furaha yangu siwezi kuificha. Basi kabla hujafunga begi, anza na maneno ya chakula ya Kimalay, lugha ya huku. Darasani utasaidiwa, njaa haingoji mkalimani.

Wali kwanza. Wamalay, kama sisi, hawachanganyi: mpunga ni padi, mchele ni beras, ukishaiva ni nasi. Dukani omba beras, mkahawani omba nasi. Asubuhi kila pahala wanauza nasi lemak, wali wa nazi uliotiwa jani la pandan likanukia. Tui wanaliita santan. Wali huo unaliwa na sambal, yaani kachumbari ya pilipili iliyosagwa, ikan bilis ambao ni dagaa wadogo wa kukaanga, njugu, vipande vya tango na yai. Ule moto, usingoje upoe.

Kuku ni ayam, samaki ikan, nyama ya ng'ombe daging, mbuzi kambing. Ukiongeza goreng umeagiza cha kukaanga. Bakar ni cha kuchoma. Kwa hayo tu ushapata ikan bakar yako. Lakini kabla hujalipa uliza, "Pedas tak?" yaani kina pilipili kali? Ile pilipili yao iitwayo cili padi ni ndogo kwa umbo na haina huruma, na wewe tumbo lako nalijua.

Chai nayo ina mambo yake. Ukisema teh peke yake, utaletewa yenye maziwa matamu ya kopo. Ya rangi ni teh o. Malizia na kurang manis, wapunguze utamu. Nakusisitizia hili kwa sababu kisukari kimo katika ukoo wetu, na huku vinywaji vina sukari nyingi mno.

Soko la usiku, pasar malam, ndipo utakapopapenda. Utakuta ukwaju (asam jawa), mchaichai (serai), tangawizi (halia), manjano (kunyit), na thomu, ambayo ni bawang putih. Shokishoki zetu ni rambutan, fenesi ni nangka. Doriani ni durian, hilo halitakupotea. Ila usiingie nalo hotelini, nyingi haziruhusu kwa ile harufu.

Muuzaji wa makamo mwite Makcik akiwa mwanamke, Pakcik akiwa mwanamume. Usimwite mkubwa kwa jina tupu. Akikuuliza "Dah makan?", umeshakula?, anakujulia hali. Jibu "Dah" ukitabasamu. Chakula cha kuchukua, sema bungkus.

Yaandike haya kwenye daftari, umsomee Mama kwa sauti akiwa jikoni, ulimi uzoee. Kisha niandikie yapi yanakushinda, nikutumie sauti yangu.

Nisalimie Baba na Bibi.

Dada yako akupendaye