Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaoandika Miji ya Wachawi

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia hadharani kwa sababu mkiambiwa faraghani mmoja mmoja hamsikii. Miswada yenu ya hadithi za miji iliyoasisiwa na wachawi imekuwa mswada mmoja unaobadilishwa jalada. Wachawi saba wanatokea kusikojulikana, mkubwa wao anapiga fimbo chini, mji unaota: minara, kuta, soko limejaa watu. Ukurasa wa pili tayari ni vita. Wa tatu inaanguka theluji. Theluji, jamani, katika mji uliokuwa na minazi ukurasa wa kwanza! Kisha sura hiyo mnaiita “Historia ya Mji”, na msomaji anaimaliza bila kujua watu wa mji huo walikunywa maji ya wapi.

Kwenye maji nitakaa kitako kidogo, maana ndiko wengi wenu mnakoharibu.

Mji wa pwani, uwe umejengwa na wachawi, wavuvi au malaika, unaishi kwa tabaka jembamba la maji matamu. Mvua inapenya kwenye mwamba wa matumbawe, inashuka, inakuta maji ya chumvi yaliyojipenyeza kutoka baharini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi yanaelea juu yake. Kisima kizuri kinaishia hapo juu. Ukipitiliza kuchimba, au ukichota kupita kiasi wakati wa kiangazi, chumvi inapanda, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi upesi. Fanyeni hesabu kabla hamjashika kalamu. Mtu mmoja akitumia lita 20 kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga kwa kubana, mji wa watu 500 unataka lita 10,000, yaani ndoo 500 za lita ishirini kila siku ya Mungu. Ndoo moja ikipanda kila baada ya dakika mbili, kisima kimoja kinatoa ndoo 30 kwa saa. Kwa kisima hicho kimoja mngechota karibu saa 17 mfululizo bila mtu kupumzika. Basi mji wenu unataka visima vinne au vitano, na kila kisima kina mtaa wake, foleni yake, ugomvi wake, na mama mmoja anayejua siri za nyumba zote kwa sababu anafika wa kwanza alfajiri na haondoki mpaka jua lichomoze. Mama huyo ndiye historia ya mji. Mmemwacha nje mkaenda kuandika fimbo.

Choo nacho. Shimo liwe mbali na kisima, mita thelathini si nyingi, na liwe upande ambao maji ya ardhini yanaelekea, si yanakotoka. Mchawi mkuu aliyechimba choo cha kasri lake kilimani, juu ya kisima cha mtaa wa chini, amewapa sura tatu za kipindupindu na maasi bila kuhitaji joka hata moja.

Najua jibu lenu: mchawi atayavuta maji kwa uchawi. Sawa. Ameyavuta kutoka wapi? Maji yaliyoongezeka hapa yamepungua mahali pengine. Kuna kijiji upande wa pili wa ghuba ambacho mito yake ilikauka mwaka uleule mji wenu ulipoanza kusitawi, na watu wake wanajua kwa nini. Uchawi usio na bei unaua hadithi, kwa sababu mtu anayeweza kila kitu hana la kufanya wala la kuogopa.

Mkitaka kuona kisima kinavyosema, katazameni Pujini, kisiwani Pemba. Magofu yale yanahusishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye simulizi zinamtaja kuwa katili hata akawabebesha watu mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Pana kisima pale, na inasimuliwa kwamba kilikatwa kwa ukuta katikati ili wake zake wawili wakija kuteka maji wasionane. Ukuta huo mmoja unaeleza mamlaka, wivu, na amani ya nyumba iliyonunuliwa kwa mawe ya watu wengine. Hakuna radi wala moshi wa rangi.

Na mji ukifa, usife kwa laana moja. Gede, karibu na Malindi, ulihamwa, na wanaouchunguza wanataja mambo kadhaa yaliyokutana: mashambulizi kutoka bara, biashara ya pwani kuvurugika baada ya Wareno kuingia, na maji ya visima kushuka. Watu wenu nao waondoke kidogo kidogo, wenye mashua kwanza.

Sasa mawe. Chumba cha nyumba ya kale ya mawe ni chembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Si kwamba wenyewe walipenda kubanana. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kupinda chini ya uzito wa dari la mawe na chokaa. Ukiandika ukumbi wa mita 20 usio na nguzo, tuambie nini kinalishikilia dari. Hapo sasa uchawi umepata kazi ya kweli, na hapo hapo msomaji anaanza kuuliza siku mchawi huyo akifa itakuwaje. Chokaa haitoki hewani: matumbawe yanapangwa juu ya rundo kubwa la magogo, yanachomwa, yanamwagiwa maji, kisha yanaachwa yaive kwa miezi. Punje ambazo hazikuzimwa vizuri hufumuka baadaye ndani ya plasta na kuipasua. Kwa nakshi za milango na mihirabu hutumika matumbawe laini yaliyotolewa baharini, yachongwe yakiwa bado mabichi, maana yakikauka yanakuwa magumu. Mafundi wa Lamu wana majina kwa kila unene wa mti wa mkoko: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wachawi wenu hawajui hata moja. Na mji wa mawe unakula msitu, kwanza kwa boriti, pili kwa tanuri za chokaa. Mwandike msitu huo ulikuwa wa nani.

Habari ya kuasisiwa hamna haja ya kuibuni kutoka patupu. Tarehe za Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya mji huo, ambazo toleo lake moja liliingizwa kwenye kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa 1552, zinasimulia wageni wa Shirazi walivyokinunua kisiwa kwa mtawala wa bara kwa nguo, na inasemwa nguo hizo zilitosha kukizunguka kisiwa chote. Muuzaji akajuta. Akangoja maji yatoke avuke kwa miguu akirudishe. Alipofika, mlango wa bahari haukuvukika tena. Toleo moja linasema wageni walichimba mkondo ukaingia kina. Jingine linasema walitoa sadaka na kusoma Kurani, bahari ikajaa. Yaacheni yote mawili! Mji wa kweli haukubaliani wenyewe kwa wenyewe kuhusu siku yake ya kwanza. Mzee wa mtaa wa wachimbaji anasema ni majembe, wa mtaa wa msikitini anasema ni dua, na bei ya kiwanja inategemea nani anaaminiwa. Kule kisiwani Pate nako, mtawala wa kwanza wa ukoo wa Nabahani anasimuliwa kuupata utawala kwa kumuoa binti wa mfalme aliyemkuta. Mnaona mlivyoharakisha? Mji unapatikana kwa nguo, kwa ndoa, kwa jembe, ninyi mnajua fimbo tu.

Uchawi wenyewe mnautafuta mbali wakati uko mlangoni. Fingo, chungu cha dawa ya kuulinda mji, lililozikwa langoni. Kombe la aya za Kurani lililoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa, maji yake yakanywewa. Ng'ombe anayezungushwa mji mzima kabla ya kuchinjwa. Kila kimoja kina masharti, na sharti likivunjwa kuna wa kulipa. Chukueni fingo peke yake: aliyelizika amekufa, mwanawe aliyeonyeshwa mahali amehamia ng'ambo, kizazi cha tatu kinachimba msingi wa duka na sululu inagonga chungu. Riwaya nzima hiyo.

Miaka mnaivuruga vibaya. Mwaka wa hijra una siku 354 au 355, kwa hiyo miaka 100 ya hijra ni kama 97 ya jua. Mkisema mji unavuna mpunga kila Rajabu, jueni kwamba Rajabu inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa jua, na baada ya miaka kumi na sita imehamia nusu nyingine ya mwaka. Wakulima na mabaharia wa pwani walihesabu kwa mwaka wa jua wa Nairuzi: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada ziitwazo gatha. Wafalme wanane kwa miaka 800 hawatoshi; kizazi ni miaka 25 au 30. Kama wachawi wenu wanaishi miaka mia mbili, niandikieni basi huyo mrithi mwenye miaka 120 anayengoja baba afe.

Pepo: jahazi haliji kutoka Arabuni mwezi wa Julai, kusi inavuma. Linakuja na kaskazi, Desemba hadi Machi. Sarafu: nani anazipiga, na shaba inatoka wapi. Makaburi: yapo upande gani wa mji. Majina ya watu: yatamkike.

Kuna jambo moja sitaki mzaha nalo. Visiwani tuna Giningi, mji wa wanga, wachawi wa usiku, usioonekana mchana, na huo chezeni nao mtakavyo, hauna mkazi wa kuumia. Gamboshi, kule Simiyu, ni kijiji cha kweli chenye watoto wanaokwenda shule, na kila anayekitania kuwa usiku kinageuka jiji la taa anawabebesha mzigo. Nchi yetu haina ujasiri wa kucheka uchawi, wanangu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyopikwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka nenda miaka rudi. Kwa jirani zetu Kenya, huko Kilifi, wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu amechoka kulingoja. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mtu aliuza ahadi ya utajiri. Tanganyika ilitungiwa sheria ya uchawi tangu 1928, na bado tunazika. Kwa hiyo mchawi wenu akiwa bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake mwisho wa kijiji, futeni. Mpeni kazi nyingine: mhunzi, mjenzi, mkunga, nahodha. Mpeni na majirani wanaomdai hela. Na anayemtuhumu naye mpeni sababu, iwe na ukubwa wa ekari zinazojulikana.

Mkishamaliza sura ya historia, choreni ramani yenye kipimo, mweke visima, vyoo, makaburi, lango na msitu uliokatwa. Kisha andikeni ukurasa mmoja zaidi wa habari ileile kama inavyosimuliwa na wajukuu wa yule aliyekiuza kisiwa, walio ng'ambo ya mkondo, ambao hawawaiti waasisi wenu waganga wala masharifu, na ambao bado wanahesabu kwamba nguo ile ilipungua pima mbili. Ukurasa huo mniletee kwanza.

Mzee wenu