Usilipe hiyo mashine kabla hujasoma barua hii

Nairobi, Jumapili usiku

Ndugu yangu Baba Halima,

Salaam aleikum. Hamjambo huko? Mama Halima yu mzima, na Bi Mkubwa mguu umepoa? Sisi tu salama, ila baridi ya Julai imetushika vibaya na watoto wanakohoa kwa zamu. Salamu nyingine zitafuata, maana leo nina haraka nawe.

Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara tatu. Unasema umepata printa ya HP DesignJet 5500, ile ya inchi 60, imetoka ofisi ya wachora ramani, na mwenyewe anataka 85,000. Unasema utamwaga wino wa maji, utie wa solventi, yaani ule wa kemikali unaoshika kwenye plastiki, uanze kuchapa mabango na stika za tuktuk. Umeshatoa pesa? Kama hujatoa, shika mfuko wako hapo hapo. Kama umeacha rubuni, mwendee mzee kwa lugha nzuri akurudishie, hata ikikatwa kidogo.

Si kwamba mashine ni mbovu. Kwa ramani na picha za ndani ni mashine nzuri. Tatizo ni jinsi hedi zake, vile vichwa vya kuchapia, zinavyorusha wino. Zinatumia joto: ndani ya kila tundu kuna kihita kidogo mno kinachochemsha wino papo kwa papo, povu la mvuke linafura, na hilo povu ndilo linalosukuma tone litoke. Wino huo ni wa maji na hedi imepimwa kwa jinsi maji yanavyochemka. Ukiitilia solventi hupati povu lile, na hizo ni kemikali zinazoshika moto, unazipeleka kwenye kihita. Hakuna mpira utakaobadilisha wala dawa utakayopitisha ikawa. HP wenyewe walipotaka mashine ya solventi, ile 9000s, walichukua iliyoundwa na kampuni ya Seiko yenye hedi za piezo, zisizotumia joto. Na walipotaka kuchapa mabango ya nje kwa hedi zao za joto, mwaka 2008 walileta wino wa lateksi, ambao nao ni wa maji. Wangekuwa na njia ya mkato wangeipita wao kwanza.

Piezo ni kitu kingine. Pale hakuna kuchemsha. Kuna kipande kama cha kauri kinachojikunja umeme ukipita, kinaubana wino utoke. Hakijali sana ni wino gani, mradi usiwe mzito na usile gundi iliyomo ndani. Ndiyo maana printa za Epson za zamani zinabadilishwa kuwa za solventi. Hedi ya DX5 iliyo ndani ya Stylus Pro 9880 yangu ni ya ukoo mmoja na ile kampuni ya Mutoh waliyotia kwenye ValueJet 1604, mashine iliyotoka kiwandani ikiwa ya solventi.

Sasa nikueleze kwa nini nimenyamaza tangu Pasaka, maana najua uliona haya kuuliza.

Ile 9880 niliinunua kwenye studio iliyokuwa inafungwa. Inchi 44, si pana, lakini kwa stika za matatu inatosha. Tajiri mmoja wa gari za Rongai akaniambia Ijumaa jioni kwamba anataka gari limevalishwa Jumatatu asubuhi. Nikaingiwa na tamaa. Nikatoa kartriji za maji, nikapitisha dawa ya kusafisha mara moja tu, nikaona inatoka rangi ya chai nyepesi, nikasema basi, imetakata. Nikajaza solventi usiku ule ule.

Saa mbili za kwanza ilichapa vizuri, Baba Halima, mpaka nikampigia Mama Mwende simu aje aone. Kisha majenta, ile rangi ya waridi, ikaanza kuruka. Nikachapa jaribio, mistari ikatoka kama kitana kilichong'oka meno. Nikasafisha, ikazidi. Siani, ile ya buluu, nayo ikaenda. Nilipofungua dampa, kile kikopo wino unamopita kabla ya hedi, asubuhi nikakuta humo ndani kitu kama maziwa yaliyoganda. Wino wa maji uliobaki mirijani ulikutana na solventi, vikashikana, na ule mgando ukapanda mpaka kwenye hedi. Ile hedi ina safu 8, kila safu matundu 180, yaani matundu 1,440, na kila moja ni dogo kuliko unywele. Nikailoweka siku tatu. Haikurudi. Hedi nyingine ilinigharimu kuliko nilivyonunua mashine yenyewe, na kazi ya tajiri ikaenda kwa jirani.

Pesa yako ya Februari iliingia humo. Sikujua nikuambie nini, ndiyo sababu ya kimya. Nusu nakutumia Jumatano kwa M-Pesa, nusu mwisho wa mwezi ujao. Nisamehe kwa kukuacha gizani muda wote huo.

Mara ya pili sikukimbia. Fundi wetu wa barabara ya Luthuli, unamjua asivyotaka kuharakishwa, alinikalisha siku mbili kwa kuosha peke yake. Kwanza dawa ya wino wa maji mpaka itoke safi bila rangi kabisa, tunaipima kwenye chupa ya kioo mbele ya taa. Halafu maji yaliyotoneshwa. Halafu alkoholi, kwa sababu yenyewe huelewana na maji na pia huelewana na solventi, inakuwa kama mshenga kati yao. Halafu hewa kwa sirinji mpaka mirija ikauke. Ndipo dawa ya solventi, ikalala usiku mzima, asubuhi tukaitazama tena kwenye chupa. Ikiwa na ukungu hata kidogo, unarudi nyuma.

Na si hedi tu. Mirija ya zamani solventi inaifanya ivimbe au ikakamae. Viringi vya mpira, dampa, kofia inayofunika hedi ikilala, sponji iliyo ndani ya kofia, kile kimpira kinachopangusa, vyote tulitoa tukaweka vinavyostahimili. Wino wenyewe chukua ekosolventi, ile solventi isiyo kali. Ule mkali wa mashine kubwa za mabango, wenye harufu ya kukutoa machozi, utakula mpaka gundi ya hedi.

Kuna joto vilevile. Epson hii haina hita, kwa sababu wino wa maji hunywewa na karatasi yenye utando wake. Vinili ya kawaida, ile plastiki ya stika, hainywi kitu. Solventi inahitaji joto ilainishe uso wa vinili, ijishike, kisha iruke hewani. Tuliweka bamba la hita chini ya njia ya vinili na jingine mbele, lina kidhibiti, naliweka nyuzi 45 hivi, na feni ndogo. Bila hilo, kwa baridi hii yetu, stika inatoka imelowa kama kitambaa cha deki. Hata ikikauka naiacha siku nzima kabla ya kuibandika plastiki ya juu, la sivyo mvuke uliobaki ndani unaifanya ijikunje pembeni.

Upande wa rangi nao ulinisumbua wiki nzima. Mashine inadhani ina rangi 8, zikiwemo nyeusi hafifu na majenta hafifu. Mimi nimeweka nne, kila moja safu mbili, kwa hiyo programu ya RIP, ile inayoigeuza picha kuwa matone ya wino, lazima iambiwe upya safu ipi ina nini, na profaili ya rangi itengenezwe kwa vinili ile unayotumia. Na chipu za kartriji na za tangi la wino taka ziwe za kujirudisha, la sivyo mashine inakuambia wino umekwisha na tangi limejaa. Hayo tutayaongea ukija.

Lakini nisikufiche: inafanya kazi. Stika ya kwanza niliyoibandika imepita mvua za masika, na wale vijana wa kuosha magari wanaipiga kwa maji ya presha kila alfajiri. Rangi iko pale pale. Jana nimesimama stendi gari likipita nikajihisi kama mzazi siku ya mahafali.

Jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, ili ulisome mara mbili, ni hili. Ulisema mashine utaiweka chumba cha nyuma, pale mpwa wako anapolala. Baba Halima, hapana. Hata ekosolventi ina mvuke, na kwamba haina harufu kali ndiko kunakodanganya watu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, pale pale kwenye godoro la kijana. Mwanafunzi wangu alishikwa na kichwa wiki nzima tukidhani ni malaria, mpaka tulipotoboa ukuta tukaweka feni ya kuvuta hewa karibu na sakafu, akapona bila dawa. Na jiko la Bi Mkubwa lisiwe upande ule wa ukuta. Uchafu wa kusafishia usimwage mtaroni, mimi naukusanya kwenye jerikeni lenye kifuniko. Hata kama mashine ungepewa bure, na hata ingekuwa Epson, pale isikae.

Kama nia yako bado ipo, na naona ipo, kuna 9880 nyingine hapa mjini. Mwenyewe anaachana na picha za harusi. Sijaifungua, lakini nimeiona ikichapa jaribio na safu zote ziko. Panda treni uje, ulale kwetu, tuikague pamoja. Nitakuoshea mwenyewe, na fundi atakuja nikimwomba.

Basi nijibu haya upesi. Umetoa pesa au bado? Mzee wa ramani ni mtu wa kuongea naye? Kile chumba cha mbele mlichompangisha fundi viatu, mkataba wake unaisha lini, na dirisha lake linafunguka? Stima yenu inakatika mara ngapi kwa wiki? Nauliza kwa sababu hedi ikizimika katikati ya kazi haijafunikwa, wino unakauka ndani. Kazi ulizo nazo zinatosha mashine ichape kila siku, hata kipande kidogo? Halima matokeo yake vipi? Na yule bwana wa Likoni, amekulipa hatimaye au bado anakuzungusha?

Mama Mwende anasema ukija usisahau achari ya ndimu.

Wako,
Baba Mwende