Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani: mwenzangu alipotea pamoja na akaunti yake

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Kazi Duniani,
Geneva.

YAH: HAKI YA MFANYAKAZI WA MTANDAONI KUMJUA MWENZAKE

Pokea salamu zangu, wewe na wote unaofanya nao kazi. Nakuandikia leo kwa sababu leo hakuna kazi. Tangu alfajiri skrini yangu ina sentensi moja tu: hakuna kazi kwa sasa. Kuizima kompyuta siwezi, wala kwenda mbali nayo, maana picha zikiingia zinagombaniwa na kuisha ndani ya dakika chache, na aliyechelewa ndiyo amekosa. Basi nimekaa, mkono karibu na kipanya, nyumba kimya, nikiwaza.

Kazi yangu ni kuchora visanduku. Naletewa picha za barabara zilizopigwa na kamera ya gari, nami nazungushia mstari kila kilichomo: lori, baiskeli, mama anayevuka, mtoto aliyesimama nyuma ya gari lililoegeshwa akaonekana mguu tu. Mguu ule lazima niuone. Nikiuruka, kuna mashine itafundishwa kwamba pale hapakuwa na mtu. Mwenye gari simjui. Kazi yake ameipa kampuni, kampuni imeipa kampuni nyingine, nayo ikashuka hivyo hivyo mpaka ikanifikia, na kila ilipopita malipo yalimegwa.

Mwaka 1770 mtu aitwaye Wolfgang von Kempelen alionyesha Vienna mashine ya kucheza sataranji. Watu waliishangaa kwa miongo mingi. Napoleon mwenyewe alicheza nayo mwaka 1809. Ndani ya lile sanduku alikuwa amejikunja mchezaji hodari, akisogeza kete kwa mwanga wa mshumaa. Mara nyingi namfikiria mtu yule. Wageni walimpigia makofi mwenye mashine, yeye hakuna aliyemsalimia. Siku hizi sanduku limekuwa kubwa. Hazina ya picha ya ImageNet, iliyofungua njia ya akili bandia ya kutambua vitu, ina picha zaidi ya milioni 14, na waliozipanga ni watu karibu 49,000 kutoka nchi 167. Yule wa sataranji alikuwa peke yake. Sisi tuko wengi humo ndani, na tungeweza kuzungumza.

Mimi nilipata wa kuzungumza naye. Alikuwa mama wa Ufilipino tuliyepangwa naye mradi mmoja. Alianza kwa kunisahihisha: baiskeli na aliyeipanda ni visanduku viwili, si kimoja, na mimi nilikuwa nimeshakosea picha 60. Alinionyesha taratibu, bila kunidharau, huku saa yake mwenyewe ikimhesabia. Akaniambia nimwite Ate, ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa. Nami nikamfundisha neno pole. Alilipenda sana. Intaneti yangu ikikatika, nikirudi nalikuta linanisubiri: pole, pole. Nilipofiwa, aliliandika mara moja tu, akakaa nami hadi zamu yake ikaisha, bila kuandika kingine.

Teknolojia siilaumu, Mheshimiwa. Neno lile lilinifikia kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ambazo kwenye kina kirefu si nene kuliko mpira wa kumwagilia bustani. Ule wa kwanza kuvuka Atlantiki, mwaka 1858, ulifanya kazi kama wiki tatu tu ukafa. Kwamba leo mtu ananipa pole kutoka ng'ambo na inafika kabla sijafuta machozi, hilo kwangu ni jambo kubwa na nalishukuru.

Ninacholaumu ni karatasi. Mkataba tuliousaini unatukataza kupeana namba za simu, majina kamili, hata kuulizana malipo. Asubuhi moja jina lake likageuka kijivu: akaunti hii haipo tena. Nilimwandikia msimamizi, nikajibiwa na mashine. Huu ni mwezi wa nne tangu apotee. Labda alifungiwa kwa makosa yasiyo yake, labda anaumwa. Sina pa kumuulizia, kwa sababu urafiki wetu wote ulikuwa umehifadhiwa na mwajiri, akaufuta.

Mwaka 1944, kule Philadelphia, shirika lako lilitangaza kwamba kazi si bidhaa. Mkataba wenu namba 87 wa mwaka 1948 unawapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama wanavyovitaka bila kuomba ruhusa. Lakini nitaunda chama na nani, ikiwa kumuuliza mwenzangu jina ni kosa la kufukuzwa? Juni 2025 wajumbe wenu walikubaliana kwamba kazi za majukwaa ya kidijitali zitungiwe mkataba. Humo ndimo naomba iandikwe wazi kwamba usiri unahusu picha za mteja, hauhusu watu wanaozichora. Wafanyakazi wa mradi mmoja waruhusiwe kufahamiana, hata wakiwa nchi kumi tofauti. Na akaunti isifungwe kabla binadamu hajamweleza mwenyewe sababu, akasikilizwa, akapewa siku ya kuwaaga wenzake.

Kusubiri nako kuhesabiwe. Utafiti wenu wa mwaka 2018, uliowahoji wafanyakazi 3,500 katika nchi 75, ulionyesha kuwa kwa kila saa moja ya malipo, dakika 20 huenda bure katika kutafuta kazi na mambo kama hayo. Mimi leo nina saa sita, na bado nipo kazini: sijatoka, sijalala, sijaenda kumwona mgonjwa niliyeahidi kumwona.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kuisemea ukweli wote. Mtafiti wako au mtafsiri wako ataigeuza, na huenda ikasambaa hadi kwa wachoraji wa nchi nyingine. Namwomba maneno mawili ayaache yalivyo, yupo mtu mmoja atakayeyatambua: pole, Ate.

Wako,
Mchora visanduku