Kideri kinasafiri kwenye matenga, lawama anabebeshwa mfugaji

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia. Habari yenu ya juma lililopita kuhusu kuku wanaokufa kwa kideri (mdondo, au Newcastle) mikoa ya kati imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako aliongea na mtaalamu mmoja, mtaalamu akasema wafugaji wa kienyeji hawataki kuchanja, habari ikaishia hapo. Hakuna mfugaji hata mmoja aliyeulizwa.

Mimi nafuga kuku wa kienyeji wilayani Ikungi, Singida, na nachanja. Kila baada ya miezi mitatu nawakamata usiku wakiwa bandani, tone moja jichoni, mpaka vifaranga. Kiangazi kilichopita alikuja mchuuzi na pikipiki, matenga kayafunga nyuma, akayashusha chini ya mwarobaini wangu tukaanza kupatana bei. Kuku wa tenga la chini walikuwa wamejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani kimewagandia manyoya ya nyuma. Nikamwambia hawa ni wagonjwa. Akasema ni uchovu wa safari. Wakati huo kuku wangu walikuwa wanadonoa mtama uliomwagika palepale chini ya matenga. Juma halijaisha, majogoo wakaanza kufa, kisha makoo, kisha vifaranga vilivyobaki bila mama. Mtetea mmoja alipona, lakini shingo ilipinda hadi jicho moja likawa linatazama juu. Akidonoa punje anaikosa, anazunguka, anadonoa tena, anaikosa. Nilimtia jogoo aliyekufa asubuhi hiyo kwenye kiroba nikampeleka ofisi ya mifugo, nikaomba ichukuliwe sampuli iende maabara. Nikaambiwa nikamfukie. Nilipouliza nani basi atajua kilichomuua, nikajibiwa kwamba kideri kinajulikana, huwa kinaletwa na upepo.

Kinajulikana, ndiyo, tangu 1926. Lakini kirusi chake kina koo nyingi, yaani aina zinazotofautiana kinasaba. Watafiti wameshakuta kwenye kuku wa Tanzania aina ya V, ya VII na ya XIII, na aina ya V imekutwa pia Kenya na Uganda. Chanjo tunazotumia mbegu zake ni za zamani na za mbali: LaSota ilitokana na kirusi kilichopatikana New Jersey, Marekani, miaka ya 1940, na I-2 mbegu yake ni ya Australia. Sisemi hazifai. Zinafaa sana, na I-2 inavumilia joto kuliko nyingine, ndiyo maana inafika hata kwetu vijijini. Lakini kuku aliyechanjwa anaweza asiugue wala asife, na bado akabeba kirusi cha ukoo mwingine na kukitoa kwenye kinyesi na makamasi. Huyo ukimtazama ni mzima kabisa. Ananunuliwa hapa, anasongamanishwa na wa Iramba, wa Manyoni na wa Dodoma, wanahemeana usiku kucha mpaka soko la kuku la Shekilango, Dar es Salaam. Kisha tenga lilelile, kinyesi kimekaukia kwenye fito zake, linarudi Singida kubeba wengine. Njia hiyo inajulikana, vituo vyake vinajulikana, saa za magari zinajulikana, halafu mtu mzima ananiambia upepo!

Kuku wangu walikufa kwa nini? Huenda chanjo iliharibika kabla sijaibeba. Huenda gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, iliwapitia mapema, kwa sababu gumboro huvunja kinga ya kifaranga na chanjo ya kideri ikaja isishike vizuri. Huenda kirusi kilikuja kwa wingi kuliko kinga waliyokuwa nayo. Kila sababu ina tiba yake, na bila sampuli zote zinaandikwa uzembe wa mfugaji.

Na maduka ya dawa za mifugo nayo nani anayaangalia? Chanjo inawekwa friji moja na soda, umeme unakatika tangu asubuhi, hakuna anayeandika popote. Ukimweleza muuzaji kuku wanakufa, anakupa OTC, unga wa antibiotiki wa kuua bakteria. Kideri ni kirusi, na OTC haiui kirusi! Jirani yangu, mama mjane, aliuza alizeti yake kununua unga huo na kuku wakafa vilevile. Wenye kuku wa mayai wanautia kwenye maji kila wakisikia kikohozi, na mayai hayo tunawalisha watoto.

Mwaka 2017 serikali iliteketeza vifaranga 6,400 pale Namanga vilivyotoka Kenya, kwa kuhofia magonjwa. Kama ukali huo uliwezekana mpakani kwa vifaranga vya siku chache, ushindikane vipi stendi, kwa kuku wakubwa wanaopita mchana kweupe?

Ninachoomba hakihitaji mradi wa wafadhili. Shekilango na kila mnada wa kuku pawe na sehemu ya kuoshea matenga, sabuni kwanza, kisha dawa ya kuua vijidudu, na gari lisipakie tenga lisilo na stakabadhi ya kuoshwa. Matenga ya fito yaondolewe, yaje ya plastiki, maana fito hazitakati hata uzisugue vipi. Kila ofisi ya kata iwe na kiboksi cha barafu cha kuwekea vichwa vya kuku waliokufa, kiondoke kila Jumatatu kwenda maabara, na majibu yabandikwe ukutani mnadani: ni ugonjwa gani, aina gani, na kuku alitoka wapi. Ushuru wa kuku tunaulipa kila mnada, hela ya barafu haikosekani humo. Na mwandishi wako akija tena Singida, aje siku ya mnada, kabla magari hayajaondoka, ayafungue matenga mwenyewe.

Mfugaji wa kuku,
Ikungi, Singida