Mawe ya Hyrax Hill ni makaburi, tusiyakalie

Mhariri,

Jumapili iliyopita niliwapeleka wanangu Hyrax Hill, kile kilima cha pimbi nje kidogo ya mji wa Nakuru. Mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba hapo mwaka wa 1937, akafukua makaburi ya kale yaliyofunikwa kwa mawe. Wanawake walizikwa pamoja na sahani za mawe. Binti yangu aliposikia hayo alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Baba, nani alimwekea sahani?" Swali hilo halijanitoka.

Kilichonichoma moyo ni kuona watu wazima wakikalia mawe hayo, wakila na kupiga picha, na kijana mmoja akitia mfukoni kipande cha lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo wahenga walichongea visu. Nani angekubali kaburi la nyanya yake likaliwe?

Walimu wanaopeleka wanafunzi huko, nawasihi muwaeleze mambo haya darasani kabla ya safari. Na kando ya makaburi viwekwe vibao vya Kiswahili, vikubwa, vinavyosema wazi: hapa amelala mtu.

Mzazi,
Lanet, Nakuru