Mto hauna benki, una ukingo

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni, katika kijiji kimoja kando ya Mto Ruvuma, nilisoma tangazo lililobandikwa kwenye shina la mkorosho, likikataza watu kulima "kwenye benki ya mto". Mzee mmoja aliniuliza kwa wasiwasi iwapo malipo ya korosho yamehamishiwa mtoni.

Mwandishi wa tangazo hilo alitafsiri neno "bank" la Kiingereza bila kujua kwamba limebeba maana zilizopita njia mbalimbali. Benki ya fedha ilianzia Italia, ambako "banca" lilikuwa benchi au meza ya wabadili fedha, na kutokana nayo ikazaliwa hata benki ya damu. Ilhali maana ya ukingo, yaani ardhi iliyoinuka kama tuta, iliingia Kiingereza kutoka lugha za Skandinavia. Rubani naye, anapoilaza ndege upande, hutumia neno hilohilo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Naomba tangazo lile liandikwe upya kabla ya mvua, ili mkulima ajue hasa jembe lake likomee wapi.

Msomaji wenu,
Mtwara